Mke wangu anataka tuweke nyumba rehani, na mimi ndiye ninayeonekana mwoga

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, nina umri wa miaka 47, na naishi Kinyerezi na mke wangu pamoja na watoto wetu watatu. Nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba ningekuja kukuandikia, kwa kuwa kwetu hakuna ugomvi wa aina inayoletwa kwako mara kwa mara: hatupigani, hatununiani, na sijawahi kumkamata mke wangu akinidanganya. Tatizo letu ni karatasi ya benki ambayo hii ni wiki ya tatu imo ndani ya droo yangu, chini ya mitihani ya kidato cha pili, ikisubiri sahihi yangu.

Mke wangu ana miaka 41 na anauza mapazia na mashuka Kariakoo. Alianza miaka tisa iliyopita kwa meza moja mbele ya duka la mtu, kwa mtaji wa shilingi laki tatu za mchezo wa kuchangiana kwa zamu, aliopokea kwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango hiyo mtaani kwetu. Leo anashiriki nusu ya fremu ya duka na mwanamke mwenzake. Amekopa kwenye kikoba chao, kikundi cha kuweka na kukopeshana, mara tano, mkopo mkubwa kuliko yote ukiwa wa shilingi milioni 5, na yote ameimaliza kwa wakati. Mara mbili amechangia kontena na wenzake kuleta mzigo kutoka Guangzhou, na mara zote mbili mzigo uliisha. Sasa mpangaji wa fremu ya jirani anaondoka, na mke wangu anataka kuichukua peke yake. Kilemba, yaani fedha ya kumlipa anayeondoka ili akuachie fremu, ni shilingi milioni 25, na mzigo wa kuijaza anaukadiria kuwa milioni 35. Benki imekubali kumkopesha hizo milioni 60 kwa miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, yaani rejesho la karibu shilingi milioni 2.14 kila mwezi. Dhamana wanayoitaka ni nyumba yangu.

Kiwanja nilikinunua mwaka 2010 kwa mkopo wa SACCOS ya walimu, na hati ina jina langu. Ujenzi ulichukua miaka saba, chumba baada ya chumba. Mabati na madirisha yalitoka kwenye biashara yake, siwezi kukana. Hata hivyo, kwa mtu wa mshahara kama mimi, nyumba yangu ndiyo kiinua mgongo changu halisi.

Mimi ni mtu wa namna nyingine. Mwaka 2021, lilipouzwa shamba la marehemu baba huko Kibaha, niliweka mgao wangu wa shilingi milioni 20 katika hatifungani ya serikali, yaani niliikopesha serikali, ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95, na tangu hapo fedha inaingia kila baada ya miezi sita hata nikiwa nimelala. Tahadhari hii niliinunua kwa bei kubwa, kwa sababu nikiwa kijana niliweka malimbikizo yangu yote ya mshahara kwenye upatu ulioahidi kuzidisha fedha, na sikuambulia hata nauli ya kurudia. Tangu siku hiyo sichezi na fedha, ukiacha shilingi elfu tano za mkeka wa kubashiri mechi ninazoweka kila Jumamosi na wenzangu wa stafu, ambazo ni za kuchangamsha mazungumzo tu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba nimelelewa nikijua mwanamume ndiye mwenye roho ngumu ya kutafuta na mwanamke ndiye wa kushika na kutunza, na kwangu mambo yamegeuka. Mdogo wangu nilipomweleza alicheka, akasema, "Kaka, biashara ni kujilipua, na kwako anayejilipua ni shemeji. Wewe umeolewa." Mwalimu mwenzangu alinipa wazo baya zaidi, kwamba mwanamke wa kawaida hathubutu mkopo wa namna hiyo, na ukiona amethubutu ujue kuna mtu nyuma yake. Sina ushahidi wa jambo kama hilo, lakini neno hilo limeniganda, na usiku najikuta nikihesabu simu zinazoingia kwake.

Yeye hajanifokea. Jumapili iliyopita, akiwa anakunja mashuka ya kupeleka dukani, aliniuliza tu, "Mwalimu, unaogopa mkopo au unaniogopa mimi?" Sikuwa na jibu. Je, ni kweli kwamba wanaume na wanawake wameumbwa tofauti katika kuthubutu kwenye fedha? Kama ni kweli, kati yetu nani amekosewa kuumbwa? Nisiposaini, fremu itachukuliwa na mwingine kabla ya mwisho wa mwezi, na atanikumbusha hilo maisha yote hata bila kusema neno. Nikisaini, silali, nikiiona nyumba yangu ikipigwa mnada.

Mwalimu, Kinyerezi

*

Marahaba, Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho na ya pili kwa kikokotoo, na nimeona kwamba umeniletea maswali mawili yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza ni la hesabu: je, familia yenye mshahara wa mwalimu na nusu ya fremu inaweza kubeba deni la shilingi milioni 60? La pili ni la heshima: mwanamume anayesita mbele ya mkopo wa mkewe amebaki kuwa nani? Naona swali la pili limelikalia la kwanza, kwa maana kwa wiki tatu umejadili uanaume wako na mdogo wako na stafu nzima, lakini hujaniandikia kwamba umeketi na mke wako mkapiga hesabu za mauzo yake ya mwezi.

Nianze na kuumbwa, maana ndiko ulikoumia. Ni kweli wachumi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na wengi wamekuta kwamba, ukichukua wastani, wanaume huthubutu zaidi kidogo kwenye fedha kuliko wanawake. Utafiti unaotajwa sana ni wa Wamarekani wawili, Brad Barber na Terrance Odean, uliochapishwa mwaka 2001, ambao walifuatilia akaunti za hisa za kaya zaidi ya 35,000 kuanzia mwaka 1991 hadi 1997. Walikuta wanaume wakinunua na kuuza hisa kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, na kule kununua na kuuza kulipunguza faida yao kwa pointi 2.65 za asilimia kwa mwaka, wakati wanawake walipunguziwa pointi 1.72. Jambo ambalo watafiti hao walilitilia mkazo ni kujiamini kupita kiasi: mtu kudhani anajua kuliko anavyojua, kisha kulipa ada ya dhana hiyo kila anapouza na kununua. Ndiyo maana nilitabasamu nilipofika kwenye mkeka wako wa Jumamosi. Elfu tano si kitu, sikugombezi, lakini kwa wiki 52 hiyo ni shilingi 260,000 zinazowekwa kila mwaka kwenye jambo ambalo hulihesabu kabisa kama kuthubutu, wakati mzigo wa mapazia uliokwisha mara mbili unauita kujilipua.

Tena wastani ni wastani. Mchumi Julie Nelson, ambaye naye ni wa Marekani, alizipitia upya tafiti nyingi za namna hiyo na kuonyesha kwamba wanawake na wanaume wanafanana kwa sehemu kubwa kuliko wanavyotofautiana, kiasi kwamba ukimjua mtu ni wa jinsia gani bado hujui atafanya nini na fedha yake. Na kuna jaribio lililofanyika hapa hapa Tanzania. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha mwaka 2009 matokeo ya mchezo rahisi waliouchezesha kwa Wamasai, na pia kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambao ukoo na urithi wao hufuata upande wa mama. Mtu alipewa mpira wa tenisi aurushe ndani ya ndoo mara kumi, akachagua mwenyewe: alipwe kidogo kwa kila mpira unaoingia, au ashindane na mtu asiyemwona na kulipwa mara tatu iwapo atamshinda. Kwa Wamasai, nusu ya wanaume walichagua kushindana, na wanawake asilimia 26. Kwa Wakhasi ikawa kinyume, wanawake asilimia 54 na wanaume asilimia 39. Kilichopimwa pale ni hamu ya kushindana, hakikuwa mkopo wa benki, kwa hiyo usikivute kuliko kinavyofika. Lakini kinatosha kututia shaka tunaposema kwamba mwanamke ameumbwa hivi na mwanamume vile, bila kuuliza nani alizoeshwa kushika mali na nani alizoeshwa kuomba.

Sasa mtazame mke wako kwa jicho hilo. Wewe unamwona kama mtu anayejilipua, ilhali katika barua yako mwenyewe mimi namwona mtu aliyepanda ngazi moja moja kwa miaka tisa: meza, kisha nusu ya fremu, kisha kontena la kuchangia, laki tatu hadi milioni 5, bila rejesho lililochelewa. Nawe unayejiita mwoga ndiye pekee kati yenu uliyewahi kuweka fedha zako zote mahali pamoja kwa siku moja, kwenye upatu ule. Sisemi hivyo kukuaibisha. Nadhani kovu hilo bado linawasha, na huenda kila jambo linaloahidi ongezeko kubwa linakunukia upatu, hata lile lenye meza, wateja na daftari la mauzo.

Kuhusu neno la mwalimu mwenzako, kwamba kuna mtu nyuma yake, nitakuomba uligeuze. Hilo analolijua ni la mkeo, au ni la wanawake kwa jumla kama anavyowafikiria? Miaka mingi sasa ndege za kwenda Guangzhou, Dubai na Istanbul zimebeba wanawake wa Kariakoo wanaokwenda kuchagua mzigo wenyewe, wakirudi na sampuli za vitambaa mikobani, na mtaji wao huanzia kwenye mchezo na kikoba kama ulivyoanza wa mkeo. Ukitaka kujua nani yuko nyuma yake, nadhani jibu la kwanza ni kijumbe wa mtaani kwenu. Ukiwa na sababu nyingine ya kushuku, hiyo ni barua tofauti na nitaipokea; lakini shaka iliyookotwa stafu si ya kuhesabia simu za mtu usiku.

Hata hivyo, Mwalimu, hofu yako ina mambo ya kweli ndani yake, na sitaki uiache kwa kuwa mdogo wako alicheka. Kutoka mkopo wa milioni 5 hadi milioni 60 ni kuruka mara kumi na mbili, na ngazi aliyoipanda kwa uangalifu miaka tisa haina kipandio cha urefu huo. Kontena likikwama bandarini miezi miwili, zitahitajika karibu shilingi milioni 4.3 za marejesho kabla shuka moja halijauzwa. Mkopo ni wa shilingi na mzigo unanunuliwa kwa fedha za kigeni, na mtu yeyote aliyekuwa Kariakoo mwaka 2023 anakumbuka dola zilivyoadimika na bei yake ilivyopanda. Soko la Kariakoo lenyewe liliungua tarehe 10 Julai 2021, kwa hiyo bima ya moto ya mzigo si jambo la kuachia hatima.

Kinachonitia mashaka kuliko yote ni kilemba. Mapazia yakidoda huuzwa kwa hasara, na hasara ina mwisho. Lakini kilemba mara nyingi hulipwa kwa mpangaji anayeondoka, nje ya mkataba wa mwenye jengo, na mwenye jengo akiamua mwaka kesho kuongeza kodi au kubomoa, hana sababu ya kuzitambua milioni 25 ambazo hazikupita mkononi mwake. Muulize mkeo, bila sauti ya mkaguzi, mkataba mpya utakuwa wa miaka mingapi, utaandikwa kwa jina la nani, na je, mwenye jengo ameonana naye ana kwa ana? Kama mkopo ni wa miaka mitatu na mkataba ni wa mwaka mmoja, mnalo jambo la kuzungumza ambalo halihusiani kabisa na roho ngumu wala roho laini.

Umeandika "nyumba yangu" mara tatu, na katikati ya hizo tatu umeandika kwamba mabati na madirisha ni yake. Sheria inaliona hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani, hata kama hati ina jina moja. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zisizo na risiti huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa, sembuse mabati. Kwa hiyo wewe usingeweza kuiweka rehani bila yeye, kama yeye asivyoweza bila wewe. Sahihi yako ina uzito wa kweli, nawe una haki ya kusita, ila usisite kama mtu anayeombwa zawadi.

Njia zilizo mbele yenu ni nyingi kuliko kusaini na kutosaini. Ukisaini kama ilivyo, mnaipata fremu, na mnabeba hatari nzima juu ya paa wanakolala watoto. Ukikataa, paa linabaki, na biashara ambayo huenda imefikia ukomo wake katika nusu ya fremu inabaki hapo ilipo. Hiyo pia ni hasara, ingawa haiji na dalali wa mnada mlangoni, na kwa sababu hiyo watu wengi hawaihesabu. Mnaweza kuiomba benki kiasi kidogo, au muda wa kusubiri kabla ya rejesho la kwanza ili mzigo ufike kwanza. Mnaweza kumwita yule mwenzake wa nusu ya fremu waichukue ya jirani pamoja, jambo litakalopunguza faida yake na uhuru wake. Yeye ndiye atakayejua kama anaweza kuvumilia hilo.

Ipo nyingine ambayo sikuiona katika barua yako. Hatifungani ya serikali inakubalika kuwa dhamana ya mkopo benki. Karatasi yako inakuletea shilingi 1,595,000 kila miezi sita, ambazo ni wastani wa 266,000 kwa mwezi, kama sehemu ya nane ya rejesho. Tena ni karatasi nzuri, kwa sababu mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 25 hadi asilimia 12.56, na yako ikabaki na 15.95. Haitafikia milioni 60, lakini inaweza kudhamini mkopo mdogo wa kuanzia na kuiacha nyumba nje ya jambo hili. Hatari yake unaiona: mambo yakiharibika, anayepoteza ni wewe, na unapoteza kitu kilicho salama kuliko vyote mlivyo navyo. Kuiuza kwa dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam pia kunawezekana, lakini bei ni ya siku hiyo, na riba ya miaka iliyobaki unamwachia mnunuzi. Sikuambii ufanye hivyo. Nakuomba ujiulize kwa nini, kwa wiki tatu, hatari iliyofikiriwa ni ya nyumba mliyojenga wawili, na karatasi iliyo yako peke yako haikutajwa hata kama wazo. Ukilijibu hilo, huenda ukawa umelikaribia swali la Jumapili la mkeo.

Nikiri upande wangu ili upime maneno yangu vizuri: mimi binafsi naogopa deni kuliko ninavyoogopa nyoka, na nimeacha fursa mbili tatu zinipite kwa sababu hiyo. Moja siijutii. Nyingine bado naipita kwa daladala na kugeuza uso.

Anza usiku huu na jambo dogo. Itoe ile karatasi chini ya mitihani ya kidato cha pili, uiweke mezani wakati watoto wamelala, na umwombe alete daftari lake la mauzo la miezi kumi na miwili iliyopita, pamoja na miezi mibaya aliyoificha ili usiogope. Umweleze habari za upatu ule, zote, na kiasi chake, kama hujawahi kumweleza. Kisha muulizane, mzigo ukichelewa miezi miwili, rejesho la kwanza na la pili yatatoka wapi. Inawezekana anayo hesabu yake tayari na amekuwa akisubiri mtu wa kumwonyesha. Kama hana, mtakuwa mmeliona pengo hilo pamoja, kabla benki haijaliona. Fremu ikienda kwa mwingine wakati bado mnahesabu, niandikie tena, na umpe naye nafasi aandike ukurasa wake.